Mazabodi ipi ya kuokoa mashine ya Windows 98? Nina Voodoo3 na AWE64, sitaki kuacha hata moja

Jampa_Mbili

Wakuu, salaam. Wajuzi wa vyuma vya zamani njooni huku.

Nina mashine ya gemu za zamani, nzima kila mahali isipokuwa moyoni. Bodi ni ya chipseti (kundi la chipu zinazoiongoza bodi) 440LX, prosesa Pentium II ya 266 MHz (zile za kuchomeka wima kama kanda ya kaseti), RAM 128 MB, kadi ya picha Voodoo3 3000 ya AGP (sloti ya kadi ya picha), kadi ya sauti Sound Blaster AWE64 ya ISA (sloti ya kadi za zamani). Ndani kuna Windows 98 SE. Gemu za DOS zinakwenda bila shida. Za mwaka 1999 na 2000 ndizo zinazonitesa: maadui wakizidi watatu kwenye chumba, picha inaanza kuchechemea.

Nikajiambia jambo lenyewe dogo, tafuta Pentium III ya 850 ya kaseti hiyohiyo, chomeka, maliza. Nimechomeka. Feni inazunguka, skrini giza, hakuna hata mlio mmoja. Nimerudisha 266, imewaka kama haijaguswa.

Kwa hiyo nabadili bodi. Ninazoweza kupata ni tatu: ya 440BX yenye sloti ileile, ya 815E ya soketi 370, na ya KT133A ya prosesa za Athlon za AMD. Rafiki yangu anazicheka zote, anasema nichukue nForce2 na Athlon XP nipumzike. Mimi ninachotaka ni gemu za DOS zenye sauti, na gemu za Glide (zilizoandikwa kwa ajili ya kadi za Voodoo) hadi mwaka 2000 hivi. Za baada ya hapo nina mashine nyingine.

Nawasilisha.

Kipepeo98

Naweka kambi hapa. Nina LX kama yako na nilikuwa nakaribia kufanya kosa hilohilo.

Mzee_wa_BX

Mkuu Jampa, 850 yako haijafa, usiitupe.

Pentium II ya 266 ya kizazi cha kwanza hula volti 2.8. Pentium III ya 850 ni ya kizazi cha Coppermine, inataka 1.65 au juu yake kidogo kutegemea toleo. Bodi nyingi za LX zilitengenezwa mwaka 1997, kabla mtu hajawaza volti ndogo hivyo, na kidhibiti volti chao hakishuki chini ya 1.8. Prosesa inaomba volti zake kupitia pini maalumu, kidhibiti hakilielewi ombi, kinakataa kutoa chochote. Giza ulilopata ndilo hilo, na ushukuru, maana kukataa ni bora kuliko kumwaga 2.8 kwenye prosesa ya 1.65.

Hata kama ingewaka usingefurahi. Kizidishi cha prosesa hizo kimefungwa kiwandani. 850 ni basi (njia ya data kati ya prosesa na bodi) ya 100 MHz mara 8.5. LX inatoa basi ya 66 tu, kwa hiyo ungepata kama 566 MHz na RAM inayojikokota vilevile.

BX ilitoka Aprili 1998 na ndiyo iliyoleta basi ya 100. Ina AGP 2x, ina ISA ya asili iliyomo kwenye chipseti yenyewe, na draiva zake Windows 98 inazijua karibu zote bila kusaidiwa. Prosesa unayo tayari. Kwangu mimi mjadala umeishia hapo, lakini najua jamaa wa Athlon wanakuja.

Tahadhari moja ila ni kubwa: si kila BX inakubali Coppermine. Za mwanzo mwanzo zina ugonjwa uleule wa volti. Hata bodi yenye jina moja inaweza kuwa na matoleo mawili, la kwanza linakataa na la baadaye linakubali. Usiamini jina lililoandikwa kwenye boksi. Tafuta chipu ya kudhibiti volti karibu na sloti ya prosesa, soma maandishi yake yote, kisha fungua karatasi ya mtengenezaji uone inashuka hadi ngapi. Herufi moja ya mwisho inaweza kutenganisha inayoshuka na isiyoshuka. Bodi za baadaye kama ASUS P3B-F au Abit BF6 hazina wasiwasi huo.

Thunderbird_Mwekundu

Nimekuja, Mzee. Ulijua.

KT133A inakupa basi ya 133 inayofanya kazi mara mbili kwa kila pigo, inakupa Athlon ya 1.4 GHz, na bodi kama Abit KT7A bado ina sloti moja ya ISA. Voodoo3 inaingia, AWE64 inaingia. Kwa nini mtu akae na 850 wakati anaweza kuwa na zaidi ya mara moja na nusu yake na kadi zilezile? Ile BX ni hodari, sikatai, ila ni mzee anayesifiwa na wajukuu zake.

Mzee_wa_BX

Hiyo nguvu ya ziada ataifanyia nini? Voodoo3 ina MB 16, inachora rangi za biti 16, na tekscha zake haziruhusiwi kuzidi 256 kwa 256. Ukipita 800 MHz hivi, kwenye 1024 kwa 768 prosesa inakaa kuisubiri kadi. Athlon yako itasubiri kwa kasi zaidi, basi.

Thunderbird_Mwekundu

Hahaha. Sawa. Ila siku akipata kadi ya GeForce atakukumbuka kwa ubaya.

Sikio_la_Tatu

Mnabishana prosesa na hakuna aliyegusa sauti, ambayo ndiyo inayoamua uzi huu.

Jampa amesema DOS. Gemu ya DOS haimuulizi Windows chochote. Inazungumza na kadi ya sauti moja kwa moja kwa anwani 220, IRQ (namba ya kuita prosesa) 5 au 7, DMA (njia ya kupeleka data bila kupitia prosesa) 1. AWE64 kwenye ISA inaitika hapohapo. Kadi ya PCI haina DMA ya namna hiyo, kwa hiyo inaweka programu ndogo kwenye kumbukumbu inayojifanya Sound Blaster. Baadhi ya hizo zinadai EMM386 (kisimamizi cha kumbukumbu cha DOS) iwe imewashwa, na zipo gemu zinazoikataa EMM386 kabisa. Hapo ndipo unapokaa usiku mzima unahariri CONFIG.SYS kutafuta mlio wa bastola.

Kwa hiyo 815E iondoke kwenye orodha. Ni bodi safi sana, ina AGP 4x na basi ya 133 halali, lakini chipseti yenyewe haina ISA. Watengenezaji wachache waliongeza chipu ya daraja ili kuweka sloti, na hizo ukizikuta sloti itaonekana, kadi itaingia, kisha DMA ndiyo itakayokufundisha adabu. Kama Jampa angekuwa anacheza za Windows tu, ningempa 815E kwa mikono miwili. Hata kikomo chake cha RAM, MB 512, kinaendana na Windows 98 utadhani walishauriana.

Ah, na AWE64 haina chipu halisi ya OPL3 (ile ya muziki wa gemu za DOS), ina mfano wake tu. Masikio yangu hayajasamehe hilo, lakini ni ugomvi wa uzi mwingine.

Jampa_Mbili

Sikio, asante mkuu, nilikuwa sijui kuwa 815E haina ISA ya asili. Imebaki BX na KT133A. Na nForce2 ya rafiki yangu? Anasisitiza.

Mzee_wa_BX

Mwambie aichomeke Voodoo3 yako humo, aone.

Angalia pengo kwenye meno ya kadi. Voodoo3 ina pengo moja, upande wa kile kibati cha nyuma. Maana yake ni AGP ya volti 3.3. Sloti ya nForce2 ni ya 1.5, kizuizi chake kiko upande wa pili, kwa hiyo kadi haiingii hata ukisukuma. Usisukume. Na hapo kizuizi kimekusaidia. Zipo kadi za 3.3 zilizokatwa mapengo yote mawili kwa udanganyifu, ukiichomeka moja kwenye bodi ya 1.5 tu, kwa mfano zile za i845, unaweza kuiunguza bodi ndani ya sekunde.

ISA nayo haina. Ni bodi nzuri kwa Windows XP, ila rafiki yako anajibu swali ambalo hukuuliza.

FundiLehemu

Naingia kwa upande wa mkasi na risasi ya kulehemu.

Wote mmesahau kuwa bodi hizi zina zaidi ya miaka 20. Kabla ya kuuliza chipseti, uliza kapasita. Bodi za kuanzia 1999 hadi katikati ya miaka ya 2000 ziliangukia kipindi cha kapasita mbovu, na za Athlon ziliumia zaidi kwa sababu kapasita zinakaa pembeni ya prosesa yenye joto. Muombe anayekuuzia picha ya karibu ya eneo la prosesa, yenye mwanga. Kichwa cha kapasita kiwe bapa kabisa. Kikiwa kimeumuka kama andazi, au kuna ukoko wa kahawia kwenye mikato ya juu au chini kwenye mguu, ujue kazi ipo.

Kazi yenyewe inafanyika. Weka zenye ESR (ukinzani wa ndani) ndogo, uwezo uleule, volti sawa au zaidi, kimo na unene vitoshee. Lakini bodi za nyakati hizo zina tabaka kadhaa na mguu wa hasi umeshikana na bapa kubwa la shaba linalomeza joto lote. Chuma dhaifu cha kulehemu kitakung'olea tundu zima. Mimi nimeshaharibu bodi moja namna hiyo, ilikuwa inawaka kabla sijaigusa. Aliyeniuzia alikuwa ameandika "imejaribiwa, iko poa", na kweli ilikuwa poa, kwa dakika kumi na moja, kisha inajizima. Nikaona kapasita tatu, nikajifanya daktari.

La pili ni pawasaplai. Bodi za Athlon za wakati wa KT133A kwa kawaida hazina ile plagi ya mraba ya volti 12, prosesa inalishwa na mkondo wa volti 5. Athlon ya 1.4 GHz (Thunderbird) inakula wati 72. Gawa kwa 5: zaidi ya ampea 14 kwa prosesa peke yake, hujahesabu kinachopotea njiani, kadi wala diski. Pawasaplai za kisasa zimeweka nguvu zote kwenye 12 na kwenye 5 wameacha kiasi kidogo tu. Lebo inaweza kusema wati 600 na bado ikaishindwa Athlon ya zamani. Soma mstari wa 5V, na usome kikomo cha pamoja cha 5V na 3.3V, usisome wati za jumla. Pentium III ya 850 iko chini ya wati 30, hiyo karibu kila pawasaplai inaimudu.

Plagi ya pini 24 kwenye bodi ya pini 20 inaingia, nne zinabaki zikining'inia, hakuna neno. Ila kama mashine ni ya kampuni iliyouza kompyuta nzima, usichomeke chochote kabla hujalinganisha rangi za waya. Wengine walitumia plagi ileile kwa mpangilio wao wenyewe.

Thunderbird_Mwekundu

Kwenye pawasaplai FundiLehemu amenimaliza, sina la kujibu. Nakiri pia KT133A yenye chipu ya kusini (inayosimamia diski) 686B ilikuwa na kasoro ya kuharibu data ikibeba mafaili makubwa, hasa ikiwa na Sound Blaster Live. Ilitibiwa kwa BIOS mpya na viraka. Yangu haijawahi kunisumbua baada ya hapo.

Lakini Jampa, kama unachukua BX, angalau ipandishe basi hadi 133 upate raha kidogo.

Mzee_wa_BX

Akiweza asifanye. BX inagawa AGP kwa moja au kwa theluthi mbili tu. Kwenye 133 AGP inakwenda 89 MHz badala ya 66. Kadi nyingine huvumilia, nyingine hugoma, na Voodoo3 3000 hata kwenye 66 kile kibati chake cha kupoozea kinaunguza kidole. PCI haina shida, bodi za baadaye zina mgao wa robo. Lakini kadi ndiyo sababu ya mashine yote, sasa unaitesa ili upate nini?

Kipepeo98

Swali la pembeni. Gemu zangu za mwanzoni mwa miaka ya 90 zinakimbia mno hata kwenye 266. Kwenye 850 si zitapaa? Na kuna moja inanipa "Runtime error 200".

Sikio_la_Tatu

Hilo kosa ni la programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal. Zikianza zinapima kasi ya prosesa, jibu linakuwa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa, mgawanyo unafeli. Huanza kwenye kasi za kama 200 MHz, kwa hiyo wewe na 850 mko chungu kimoja. Kuna viraka vya bure vinavyorekebisha faili lenyewe la gemu.

Kwa zinazokimbia, ingia BIOS uzime keshi ya ndani ya prosesa (L1, kumbukumbu yake ndogo ya kasi). Pentium III bila L1 inashuka hadi karibu na 386. Haikupi ngazi za katikati, ni ama ndege ama punda. Anayezitaka hizo ngazi anatafuta bodi ya Super Socket 7 na prosesa ya AMD K6-2+ au K6-III+, ambazo unaweza kubadili kizidishi chake ukiwa ndani ya DOS. Hiyo sasa ni mashine ya pili.

Jampa_Mbili

Wakuu, nimeamua BX. Nimepata P3B-F, kapasita bapa, picha nimemwonyesha FundiLehemu. Kabla sijaanza kufungua, kuna haja ya kufuta Windows?

Mzee_wa_BX

Ukiwa na muda, futa, ni safi zaidi. Usipokuwa nao, nakili folda ya WIN98 yote kutoka kwenye CD hadi kwenye diski KWANZA. Kisha fungua rejista ndani ya bodi ya zamani, futa tawi la Enum chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE, zima papo hapo, badili bodi. Ikiwaka itatambua kila kitu upya na kuomba mafaili, na wakati huo mara nyingi CD yenyewe bado haijatambuliwa. Wengi wanakwama hapo. Weka nakala ya rejista pembeni, usinilaumu.

Kabla ya hayo yote, andaa flopi ya BIOS mpya ukiwa na prosesa ya 266. Ukianza na 850 kwenye BIOS ya zamani inaweza kuwaka bila kuijua prosesa, au isiwake.

Jampa_Mbili

MREJESHO.

Imewaka. 266 kwanza, flopi ya BIOS, nikashika roho kwa dakika mbili, kisha 850. Pale juu imeandika 850 kamili.

Vilivyonikwaza ni viwili. Nilichomeka kipande cha RAM cha MB 256, kikasomeka 128. Nikakisafisha, nikabadili sloti, wapi. Kumbe kina chipu nane tu.

Cha pili, diski ya GB 40. BIOS ya zamani iliganda ilipoipima, nikadhani nimeua bodi. Baada ya kuweka BIOS mpya inasoma zote.

Gemu zilizokuwa zikichechemea sasa zinateleza. AWE64 niliitengea IRQ 5 kwenye BIOS kama ya ISA, DOS ikaanza kuongea mara ya kwanza tu.

Mzee_wa_BX

Hongera mkuu. Chipu nane kwenye kipande cha MB 256 zina msongamano ambao BX haiusomi, inaona nusu. Tafuta chenye chipu 16, nane kila upande. Na ukijaza hadi GB 1 ambayo bodi inakubali, Windows 98 itaanza kulalamika haina kumbukumbu, kichekesho hicho, mpaka uweke kikomo cha MaxFileCache kwenye SYSTEM.INI. Baki 256 au 384.

Thunderbird_Mwekundu

Hongera. GeForce ikifika nitafute.

Kipepeo98

Navunja kambi, nimeelimika. Ila ile LX na 266 yake umezipeleka wapi? Usiseme umetupa.

Jampa_Mbili

Ziko juu ya kabati, nimezifunga kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli. Tangu jana natafuta kadi ya ISA yenye OPL3 halisi ya kuziwekea. Sikio kaniharibu.

Sikio_la_Tatu

Karibu chamani.